Filamu ya Sandra Laing: tunamlilia nani hasa?

Mwalimu wa Zamu

Wakuu, habari za jioni.

Shuleni kwetu nina klabu ya filamu, kila Ijumaa baada ya vipindi. Projekta ya kuazima, shuka jeupe ukutani, wanafunzi thelathini na kitu wa kidato cha tatu na cha nne wamebanana kwenye mabenchi. Wiki iliyopita niliwawekea Skin, filamu ya mwaka 2008 iliyoongozwa na Anthony Fabian, inayosimulia maisha ya kweli ya Sandra Laing wa Afrika Kusini. Ambaye hajaiona nimpitishe haraka.

Sandra alizaliwa mwaka 1955 huko Piet Retief, karibu na mpaka wa Swaziland. Baba yake Abraham na mama yake Sannie walikuwa makaburu, wenye duka, wafuasi wa National Party, chama kilichoileta apartheid, utawala wa ubaguzi wa rangi. Mtoto akatoka na ngozi ya maji ya kunde na nywele za kujisokota. Umbea haukukosekana, lakini kipimo cha damu cha enzi hizo hakikumwondoa Abraham kwenye ubaba. Damu ya Kiafrika ya vizazi vya nyuma, ambayo makaburu wengi wanayo na hawapendi kuitaja, ilikuwa imejitokeza kwake.

Akapelekwa bweni, shule ya Wazungu. Wazazi wa watoto wengine wakalalamika. Mwaka 1966, akiwa na miaka 10, polisi wawili wakamrudisha nyumbani, na serikali ikamwandika upya: si Mzungu, ni Coloured, yaani chotara. Abraham akazunguka ofisi moja hadi nyingine mpaka mwaka 1967, sheria ilipobadilishwa na binti akarudishiwa Uzungu wake kwenye karatasi. Kwenye karatasi tu, maana shule za Wazungu ziliendelea kumfungia mlango. Alipopevuka akatoroka na Petrus Zwane, muuza mboga, Mwafrika. Baba akamkana. Akafa mwaka 1988 bila kumtia machoni tena.

Darasa lote lililia. Na mwalimu pia, nisijifanye.

Sasa kuna sehemu tingatinga za serikali zinakuja kubomoa makazi wanakoishi Sandra na Petrus. Taa zilipowashwa, binti mmoja wa kidato cha tatu, ambaye kwa kawaida si msemaji, akanyoosha mkono: "Mwalimu, na majirani zao? Nyumba zao si zimebomolewa siku ileile? Mbona hata mmoja hatumjui jina?"

Sikuwa na jibu la maana. Nimekaa na swali lake wiki nzima, na nimefika hapa: filamu hii inatutoa machozi kwa sababu mtu aliyekuwa juu ameshushwa. Wale waliozaliwa hukohuko chini alikoshushwa wanapita nyuma yake kama vumbi la barabarani. Apartheid iliingia jikoni na vyumbani mwa mamilioni ya familia nyeusi, na hiyo haikuwa ajali ya vinasaba. Ndiyo ilikuwa kazi yake ya kila siku. Basi nauliza: drama ya namna hii inafaa kumfundishia kijana wetu, au inampotosha? Mimi naelekea kwenye kupotosha. Nipingeni.

Kijiwe cha Magomeni

Mwalimu, punguza ugumu. Filamu ni hadithi ya mtu mmoja, dakika mia na kidogo. Kila jirani akipewa jina utakuwa unaonesha daftari la sensa, siyo filamu.

Halafu hujajisikiliza mwenyewe. Vijana wako walilia kwanza, wakauliza baadaye. Wasingelia, yule binti angenyoosha mkono kuuliza nini? Miaka yote tumefundishwa apartheid kwa tarehe na vyama, tumekariri, tumejibu mtihani, tumesahau. Hii hawataisahau.

Mbishi Asiyechoka

Niungane na mwalimu, tena nizidishe. Hizi filamu Wazungu wanajitengenezea wenyewe ili walale usingizi. Anayecheza Sandra mkubwa ni Sophie Okonedo, Mwingereza. Baba ni Sam Neill, tunamjua kwa filamu ya dinosaria. Familia ya makaburu waliokuwa wakizungumza Kiafrikana chumbani na jikoni, kwenye filamu wanaongea Kiingereza kama wapo chai ya saa kumi London. Unafundisha nini hapo?

Kijiwe cha Magomeni

Mbishi, sema yote basi. Mama, Alice Krige, ni mzaliwa wa Upington, hukohuko Afrika Kusini. Petrus ni Tony Kgoroge, wa hukohuko. Na Ella Ramangwane aliyecheza Sandra mdogo ndiye aliyetutoa machozi wote, siyo huyo wa dinosaria.

Lugha nakuachia. Hapo umenipata.

Wakili wa Mitaani

Naomba niweke sheria mezani, maana naona tunagombana juu ya machozi na karatasi zenyewe hazijafunguliwa.

Sheria ya kuandikisha watu kwa rangi ilipitishwa mwaka 1950. Ilimtambua Mzungu kama mtu ambaye kwa kumtazama ni dhahiri kuwa Mzungu, au ambaye kwa kawaida anakubalika kuwa Mzungu. Someni tena taratibu. Kukubalika na nani? Na jirani, na mwalimu mkuu, na mama mwenye mtoto bweni moja na wako. Sheria iliwapa majirani mamlaka ya kusema wewe ni nani, na karani akapiga muhuri. Ndiyo maana kulikuwa na ule upuuzi wa penseli: wanaichomeka kwenye nywele, ikianguka umepona, ikinasa umekwisha. Ndugu wa tumbo moja waliweza kutoka ofisini na rangi mbili.

Mwaka 1967 ikarekebishwa: kigezo kikawa wazazi. Mtoto wa watu wawili walioandikwa Wazungu ni Mzungu, awe na sura yoyote. Abraham akashangilia. Sasa igeuzeni hiyo shilingi. Kama wewe ni mweupe wa sura, unaishi na Wazungu, unakubalika, ila mzazi wako mmoja ameandikwa Coloured, mlango uliokuwa wazi kidogo umefungwa. Mtoto wa nyoka ni nyoka, imekuwa sheria ya nchi. Ufunguo uliomfungulia Sandra ulikuwa kufuli kwa watu wengine ambao hatutawaona kwenye filamu yoyote.

Kwa hiyo, mwalimu, sikubali kwamba kisa chake kiko pembeni ya mfumo. Fundi akitaka kujua ukuta umejengwaje anatazama kwenye ufa. Sandra ni ufa.

Binti wa Pwani

Mimi niko Mombasa, niliiona zamani kidogo na mpaka leo anayenisumbua ni yule baba.

Watu wanapenda kusema Abraham aligawanyika kati ya mapenzi na ubaguzi. Sidhani. Hakugawanyika hata kidogo. Alimpenda mtoto wake kwa moyo wote, na alipigana kama simba ili aandikwe Mzungu. Hakuna siku aliyosimama akasema hii orodha yenyewe ni batili. Duka lake lilikuwa linauzia Waafrika, aliwaona kila asubuhi ng'ambo ya kaunta, sukari robo, mafuta ya taa, na hakuona kwamba kesi yake na yao ni moja. Angeona, angekuwa mtu mwingine, na pengine wasingemwona tena kanisani kwao.

Na tazameni alipofika mwisho. Sandra amezaa na Petrus. Yeye kwenye karatasi ni Mzungu, watoto siyo. Sheria inasema mama na watoto hawawezi kuishi nyumba moja kwa utaratibu huo, kwa hiyo anaomba ashushwe tena awe Coloured ili asinyang'anywe wanawe. Anahitaji saini ya baba kwa sababu umri haujatimia. Baba anakataa. Yaani ule Uzungu aliompigania mtoto ndio unaotaka kumtenganisha Sandra na wanawe, na bado baba hauachii. Sijui kama ni mapenzi. Bibi yangu angesema huyu anapenda kisima, hampendi mwenye kiu.

Mama ndiye aliyeniuma kwa njia nyingine. Miaka mingi kimya, anamtii mume. Sandra alimkuta mwaka 2000 kwenye nyumba ya wazee. Mwaka uliofuata mama akafariki. Kaka zake wawili hawakutaka kumwona. Apartheid ilikuwa imeshafutwa, ile sheria ya 1950 ilifutwa mwaka 1991, hakuna polisi wala karani aliyewazuia. Hapo hakuna sheria ya kusingiziwa.

Ndiyo maana, mwalimu, sitakubali uifungie kabatini. Mambo haya huwezi kuyapata kwenye filamu ya tingatinga na maandamano. Ubaguzi unaojificha ndani ya neno "mwanangu" unaonekana kwenye familia tu.

Mbishi Asiyechoka

Dada umeandika vizuri na bado hujamjibu yule mwanafunzi. Majirani wako wapi?

Mzee wa Mnazi Mmoja

Wanangu, mimi sijaona filamu hiyo, ila nimewafuatilia tangu juu na nimeshindwa kunyamaza.

Mnazungumza kama vile mambo haya yalikuwa kwa makaburu tu. Nendeni Mnazi Mmoja, pale mnapokaa kula muhogo. Mnadhani ule uwanja ulibaki wazi kwa ajili ya upepo? Mkoloni aliuacha makusudi uwe nafasi katikati: huku Uhindini, kule Kariakoo kwa Waswahili, na Uzunguni ufukweni. Walisema ni kwa sababu ya magonjwa. Shule nazo zilikuwa tatu, ya Wazungu, ya Wahindi na ya Waafrika, na fedha kila moja ilipewa kwa rangi yake. Kwa majirani zetu wa Kenya Waafrika walivikwa kipande, yaani hati ya utambulisho, shingoni kwenye kikopo cha bati, kama kengele ya mbuzi.

Baba yangu alikuwa mpishi Oyster Bay. Alilala uani, kwenye chumba cha boi, siku sita. Sisi tulikuwa na mama Kariakoo. Jumapili anakuja na mkate uliobaki, tunamshangaa kama mgeni. Hakuna aliyemkataza kwa sheria ya karatasi kulala na mkewe. Kazi yenyewe ilikuwa imepangwa hivyo, na chumba kilikuwa cha kitanda kimoja. Nimewaza leo, nikiwasoma, kwamba katika utoto wangu baba nimemla Jumapili kwa Jumapili kama pilau.

Filamu yake itatengenezwa na nani?

Mwalimu wa Zamu

Shikamoo mzee wangu. Hiyo ya mwisho nimeinakili kwenye daftari, kwa ruhusa yako. Baba yako ndiye hasa ninayemsema. Hakuna kesi, hakuna penseli, hakuna mwandishi wa habari mlangoni. Chumba cha kitanda kimoja tu. Na ndiyo familia nyingi zilivyovunjwa: Waafrika waliofanya kazi migodini Johannesburg walilala kwenye mabweni ya wanaume watupu, mkataba miezi na miezi, mke kijijini analima. Mtoto anamjua baba kwa picha na kwa hela inayotumwa.

Dada wa Mombasa, hoja yako ya baba nimeikubali zaidi ya nilivyotarajia. Ila ona ulichofanya: umetumia aya nzima kumchambua moyo kaburu mmoja. Tunamjua Abraham ndani na nje. Petrus je? Yule wa kweli alikuwa tayari ana mke na watoto kabla ya Sandra. Mwanamke huyo alipoteza mume kwa binti wa mwenye duka. Nani amemlilia?

Kutoka Kivu

Jambo kwenu wote. Mimi nimezaliwa Bukavu, sasa ninaishi Ubelgiji, na mada hii kwetu haiko mbali.

Wakati wa Wabelgiji, katika Kongo na Ruanda-Urundi, Mzungu alizaa na mwanamke Mwafrika, mara nyingi bila kumwoa na bila kumpa mtoto jina lake. Watoto hao waliitwa métis. Serikali iliwaogopa: si weusi wa kutawaliwa vizuri, si weupe wa kukubaliwa. Basi maafisa walikwenda kijijini, wakamchukua mtoto mikononi mwa mama yake akiwa na miaka miwili, mitatu, wakampeleka misheni, mbali. Kulikuwa na misheni ya Save kule Rwanda, na Katende kule Kasai, na nyingine. Majina yakabadilishwa. Mama akifuata, anafukuzwa. Uhuru ulipokaribia wengine wakapakiwa ndege kwenda Ubelgiji kwa familia wasizozijua, wengine wakaachwa hapohapo.

Waziri Mkuu wa Ubelgiji aliomba radhi mwezi wa nne 2019. Lakini kina mama watano, wazee sasa, waliochukuliwa wakiwa watoto na kupelekwa Katende, walisema radhi haitoshi, wakaishtaki serikali. Wakashindwa mara ya kwanza. Desemba 2024 mahakama ya rufaa ya Brussels ikawapa haki: ikasema kuwachukua vile ilikuwa jinai dhidi ya ubinadamu, na kila mmoja alipwe euro 50,000.

Nimewaletea hii kwa sababu moja. Mwalimu anasema Sandra ni ajali. Kwa upande wetu mtoto wa rangi mbili hakuwa ajali, alikuwa faili kwenye meza ya afisa. Utawala wowote unaojengwa juu ya rangi unamwogopa mtoto huyo kuliko unavyomwogopa mtu mwenye bunduki, kwa kuwa anaonesha kwamba ukuta ulirukwa usiku na wenyewe waliojenga. Usimwite pembeni. Yeye yuko katikati kabisa.

Kijiwe cha Magomeni

Kutoka Kivu, sijawahi kusikia habari hiyo, na nimesoma historia mpaka kidato cha sita. Ahsante.

Mkaazi wa Malindi, Unguja

Mie nitasema moja nitoke, maana najua litawasha moto. Sheria kuingia chumbani mwa watu hakukuanza wala hakukuishia kwa Wazungu. Mwaka 1970 hapa Unguja mabinti wa familia zenye asili ya Uajemi waliozwa kwa nguvu kwa wakubwa wa serikali, na jamaa zao waliokataa wakatiwa ndani. Ikasemwa ni kuondoa ubaguzi. Kwa makaburu ilikuwa marufuku kuoana, kwetu ikawa marufuku kukataa. Mtoto wa kike katikati, kotekote, hakuulizwa.

Mbishi Asiyechoka

Hiyo ni mada nyingine, bwana. Usilinganishe mapinduzi na apartheid.

Mkaazi wa Malindi, Unguja

Sijalinganisha. Nimemtaja binti.

Mwalimu wa Zamu

Wakuu, Malindi amesema lake na amesema kweli, lina uzi wake siku nyingine. Turudi.

Kutoka Kivu, umenitikisa. Neno "ajali" nalifuta. Bado sijaridhika, lakini nalifuta.

Wakili wa Mitaani

Mwalimu, hujaridhika kwa sababu unatafuta familia ya kawaida iliyokwenda mahakamani kudai jambo la kawaida. Ipo. Ngoja nikupe.

Waafrika mijini walibanwa na kifungu cha 10 cha sheria ya maeneo ya mijini, kama kilivyoandikwa upya mwaka 1952. Mwafrika haruhusiwi kukaa mjini zaidi ya saa 72 isipokuwa awe amezaliwa hapo na hajahama. Au amefanya kazi kwa mwajiri mmoja miaka 10 mfululizo, au ameishi hapo kihalali miaka 15. Au awe mke, binti asiyeolewa, au kijana chini ya umri wa kulipa kodi wa mtu mwenye sifa hizo. Au awe na kibali maalumu. Sifa hizo zilipigwa muhuri kwenye kitabu cha pasi, ambacho wenyewe walikiita dompas, pasi ya kijinga.

Bwana Komani alikuwa akiishi Gugulethu, Cape Town, kihalali. Mkewe Nonceba alikuja kuishi naye. Ofisi ikampa kibali cha muda, kikaisha, ikamwambia aondoke. Sheria ilimtambua mke, lakini ofisi ilidai lazima awe pia na kibali cha kupanga, ambacho ofisi hiyohiyo ilikataa kumpa. Wakaenda mahakamani kudai nini? Haki ya mke kulala nyumbani kwa mumewe. Basi. Mwaka 1980 mahakama ya rufaa ikaamua kwamba Nonceba hahitaji kibali chochote. Miaka imepita wanadai kitanda chao wenyewe. Sheria za pasi zenyewe zilifutwa mwaka 1986.

Na mwanafunzi wako alitaka majina. Tarehe 9 Agosti 1956 wanawake wapatao 20,000 waliandamana hadi makao ya serikali Pretoria kukataa pasi kwa wanawake. Waliowaongoza ni Lilian Ngoyi, Helen Joseph, Rahima Moosa na Sophia Williams-De Bruyn. Wanne hao kwenye vitabu vya serikali walikuwa rangi nne tofauti. Majirani walikuwa na majina, mwalimu. Ni sisi tunaowangoja mpaka Sandra awaoneshe.

Binti wa Pwani

Kesi ya Komani ningeilipia tiketi hata kesho. Mtu na mkewe wanagombea kitanda na serikali. Hakuna tingatinga, hakuna simba, kuna mwanamke na begi mlangoni na karani anayeuliza kibali.

Lakini jiulizeni kwa nini fedha za filamu zilimfikia Sandra kwanza. Mtayarishaji anahitaji mtazamaji wa Ulaya na Marekani ajione kwenye kiti. Kwa Sandra anajiona: ingekuwaje kama mimi, Mzungu, ningeamka siku moja nikaambiwa siyo? Kwa Nonceba hawezi kujiona kirahisi. Hapo ndipo nakupa haki mwalimu. Si kosa la Sandra, wala si kosa la vijana wako kulia. Ni mlango waliouchagua wenye hela.

Jirani wa Mazimbu

Niko Morogoro. Nimechelewa.

Wakimbizi wa ANC, chama cha ukombozi cha Afrika Kusini, walikuwa hapa Mazimbu, kwenye shamba la zamani la mkonge, kuanzia miaka ya sabini mwishoni. Walijenga shule, hospitali, wakalima. Walipoondoka mwaka 1992 wakatukabidhi majengo, siku hizi ni chuo kikuu. Majengo waliyaacha vizuri sana. Mama yangu mdogo naye aliachwa vizuri, na mtoto wa miaka mitatu. Baba wa mtoto, mmoja wao, alisema anakwenda kuandaa nyumba Soweto kisha atatuma nauli. Binamu yangu sasa ni mtu mzima, ana jina la Kizulu na hajui neno la Kizulu.

Silaumu mtu, sijui alikuta nini huko kwao. Nasema tu mkihesabu familia zilizochanwa na apartheid, msiishie mpakani.

Kijiwe cha Magomeni

Duh.

Sasa mwalimu, Ijumaa unaonesha nini?

Mwalimu wa Zamu

Nimerudi, wakuu. Jana ilikuwa Ijumaa. Sikuonesha filamu yoyote, umeme ulikatika saa tisa, kwa hiyo hata ningetaka nisingeweza. Nikaandika kifungu cha 10 cha Wakili ubaoni kwa chaki. Nikawaambia: tuseme hapa Dar ndiyo Johannesburg. Kila mtu aandike wote waliolala nyumbani kwao jana usiku, kisha afute kwa mstari kila ambaye sheria hii ingemtoa mjini.

Mwanzoni walicheka. Mmoja akasema baba yake ana bodaboda, mwajiri wake ni nani? Nikamwambia karani ataamua. Mwingine baba amebadilisha kazi mara nne, miaka 10 haijatimia popote, wala miaka 15 ya kuishi mjini mfululizo hana. Akamfuta baba. Akasimama na rula mkononi akauliza kama mama naye anafutika. Nikamwambia soma: mke anakaa kwa haki ya mume. Akamfuta mama. Akabaki yeye na mdogo wake waliozaliwa Temeke. "Sasa nani anapika?" akauliza, na hapo hakuna aliyecheka.

Kijana mmoja anaishi kwa mjomba. Mjomba hayumo kwenye kifungu. Alijifuta mwenyewe.

Yule binti wa swali la majirani alichelewa kumaliza. Kwao wapo tisa. Nilipofika kwenye benchi lake alikuwa amebakiza wawili, na mstari wa mwisho ulikuwa juu ya jina la bibi yake, aliyekuja kutoka Singida kutibiwa macho.

Nikamuuliza bibi amekuja lini.

"Wiki ya tatu hii, mwalimu. Kliniki yake ni Jumanne."